Ramani za Machimbo: Namna ya Kubadilisha Muundo wa Faili za Picha Bila ya Kupoteza Mipaka

Watumishi wa Serikali na wananchi kwa jumla wanatanabahishwa juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linalogusa haki za ardhi na riziki za watu. Jambo hilo ni kubadilisha faili ya ramani iliyoskaniwa kutoka muundo mmoja kwenda mwingine.

Katika ukanda wa dhahabu wa Geita, na katika machimbo ya Kahama na Shinyanga, eneo la mchimbaji mdogo hutambulikana kwa viwianishi vya pembe zake, yaani nyuzi, dakika na sekunde za latitudo na longitudo. Sehemu hizo zipo kiasi cha nyuzi 3 kusini ya Ikweta, na huko sekunde moja ni sawa na mita 31 hivi juu ya ardhi. Eneo la mraba lenye hekta 10 lina upande wa mita 316. Kwa hivyo, tarakimu 3 ikififia ikasomeka kuwa 8 katika nafasi ya sekunde, pembe imehama mita 155 hivi, karibu ya nusu ya upande mzima. Kosa la namna hiyo laweza kuwakutanisha wachimbaji wawili katika shimo moja, au kuliingiza shamba la mkulima ndani ya mipaka ya leseni.

Miundo mitatu hutumika zaidi. TIFF, ulioanzishwa mwaka 1986, ndio unaofaa kuhifadhia hati ya asili. PNG, wa mwaka 1996, huibana faili bila ya kupoteza hata nukta moja ya picha. JPEG, wa mwaka 1992, huifanya faili kuwa ndogo sana kwa kutupa sehemu ya taarifa ambayo jicho haliioni kwa urahisi. Kwa picha ya mandhari hakuna dhara kubwa. Kwa ramani yenye mistari myembamba na tarakimu ndogo, ukungu huzuka pembeni mwa kila herufi, nao huzidi kila faili inapofunguliwa, ikarekebishwa na kuhifadhiwa upya.

Hatari ya tarakimu kubadilika si ya kudhaniwa tu. Mwaka 2013 mtaalamu wa Ujerumani, David Kriesel, alibaini kwamba baadhi ya mashine za kuskani za Xerox, zilizotumia njia nyingine ya kubana picha, zilibadilisha tarakimu katika mchoro wa nyumba. Vyumba vya mita za mraba 21.11 na 17.42 vilionekana kuwa 14.13. Tarakimu zilisomeka vizuri kabisa, ila hazikuwa za kweli.

Kazi ya kubadilisha faili nyingi hurahisishwa na programu zinazoendeshwa kwa mstari wa amri, yaani mtumiaji huandika amri kwa kibodi badala ya kubonyeza vitufe vya skrini. Programu mbili zatosha, nazo hupatikana bila ya malipo: ImageMagick, iliyoanzishwa na John Cristy mwaka 1987, na GDAL, iliyoanzishwa na Frank Warmerdam mwaka 1998. Utaratibu unaoshauriwa ni huu:

(a) Hati ya asili ihifadhiwe katika folda yake, na isiguswe. Kazi zote zifanyike kwa nakala.

(b) Kubadilisha faili moja, andika jina la faili iliyopo, kisha jina la ile mpya:

magick kiwanja.tif kiwanja.png

Amri ya zamani ilikuwa convert. Hata hivyo, Windows inayo amri yake yenyewe yenye jina hilo, ambayo kazi yake ni kubadilisha mfumo wa diski. Kwa sababu hiyo itumike magick. Aidha, TIFF yenye kurasa kadhaa itatoa faili kadhaa zenye namba, kuanzia 0, zihesabiwe zote.

(c) Kubadilisha faili zote za folda kwa pamoja, tengeneza kwanza folda iitwayo nakala, kisha andika:

magick mogrify -path nakala -format png *.tif

Tahadhari kubwa yatakiwa hapa. Amri ya mogrify ikiandikwa bila ya maneno -path na -format, huandika juu ya faili ileile, na hati ya asili hupotea.

(d) Ramani iliyofungamanishwa na viwianishi, yaani GeoTIFF, isibadilishwe kwa njia ya (b) wala (c), kwani picha yaweza kubaki nzuri huku taarifa za mahali zikiwa zimeachwa. Itumike GDAL:

gdal_translate -of PNG ramani.tif ramani.png

Pamoja na picha itatokea faili ndogo yenye mwisho .aux.xml. Humo ndimo zilimo taarifa za mahali, na faili mbili hizo hazina budi kwenda pamoja kila zinapopelekwa.

(e) Baada ya kazi, andika gdalinfo na jina la faili mpya, kisha linganisha viwianishi vya pembe na jina la mfumo wa vipimo na vile vya faili ya asili. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, hali GPS hutumia WGS 84. Viwianishi vilevile vikisomwa kwa mifumo hiyo miwili huonesha sehemu mbili zilizoachana mita 300 hivi. Jina la mfumo likipotea, eneo zima la hekta 10 laweza kuhamia kwa jirani.

Watumishi wa masijala na wa ofisi za ardhi na madini wanahimizwa kutoitupa karatasi ya asili kwa sababu tu picha yake imo ndani ya kompyuta. Mwananchi naye, apewapo nakala ya ramani kwa simu au kwa karatasi, anashauriwa kulinganisha kila tarakimu na hati ya asili kabla ya kusimamisha bikoni au kuanza kuchimba.