Pengo la Nauli

Tunasema kutoa ni moyo, si utajiri. Methali hiyo humtazama mtoaji. Sisi wa afya ya jamii inatubidi tumtazame anayepokea: alikuwa amefika wapi, na ni kitu gani kilichomzibia njia? Ukilijua hilo utaelewa jinsi kuku mmoja anavyoweza kugeuza maisha ya watu wengi, na kwa nini msaada mkubwa mara nyingine hupotea bila kuacha alama.

Kuku ninaowasema waliuzwa Lwala, kijiji cha Kamagambo Kaskazini karibu na Rongo, kaunti ya Migori. Milton Ochieng', mtoto wa mwalimu, alikuwa amepata ufadhili wa kusoma Chuo cha Dartmouth, Marekani. Karo ipo, nafasi ipo, tiketi ya ndege hakuna. Wanakijiji wakauza kuku, wengine ng'ombe, hadi zikatimia dola 900. Fedha hizo hazimsomeshi mtu kule hata muhula mmoja, lakini bila hizo ufadhili wote ungebaki karatasi. Na kuku wa kijijini si mali ya ziada. Ndiye sabuni, ndiye daftari la mtoto, ndiye kitoweo cha mgeni aliyefika ghafla. Aliyemfunga miguu akampeleka sokoni kwa ajili ya mtoto wa jirani alijua vizuri nyumba yake itapungukiwa na nini wiki hiyo.

Milton na mdogo wake Fred, aliyemfuata Dartmouth, waliwapoteza wazazi wote wawili kwa Ukimwi. Baba yao alitamani kijiji kiwe na zahanati. Vijana wakaichangishia fedha wakiwa bado masomoni, ikafunguliwa mwaka 2007. Shirika lililokua kutokana na zahanati hiyo liliwachukua wakunga wa jadi, nyamrerwa kwa Kijaluo, likawafanya wahudumu wa afya wanaolipwa, ili wawasindikize wajawazito hospitalini badala ya kuwazalisha nyumbani. Pengo ni lilelile: hospitali ipo, muuguzi yupo, ila usiku umeingia, mama ana uchungu na hana wa kumshika mkono.

Upande wa Homa Bay pengo hilo lina sura nyingine. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta asilimia 19.6 ya watu wazima wa kaunti hiyo wanaishi na virusi vya Ukimwi, karibu mmoja katika kila watano. Dawa hutolewa bure. Kwa nini basi mtu aziache? Mara nyingi hakai chini akaamua kuziacha. Omena, dagaa wa ziwani, huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mvuvi huwafuata samaki kutoka ufuo mmoja hadi mwingine. Tarehe ya kliniki inampita akiwa mbali. Akirudi anaona haya, anaogopa kukaripiwa mbele ya foleni. Wiki inakuwa mwezi, na virusi havimsubiri.

Katika kisiwa cha Mfangano, kaunti hiyohiyo, watafiti walijaribu jambo ambalo ukilisikia utadhani ni dogo mno. Waliwaomba wagonjwa wachague wenyewe watu wao wa karibu, jamaa, marafiki, majirani, wenye virusi na wasio navyo. Vikundi hivyo vikakutana, vikajifunza jinsi dawa zinavyofanya kazi, na watu wakaelezana hali zao. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2015 yalionyesha kwamba kwa wagonjwa wa eneo lililopewa mpango huo, kasi ya kupotea kliniki kwa siku 90 au zaidi ilikuwa kama nusu ya ile ya wagonjwa wa maeneo yasiyoupata. Dawa zilikuwa zilezile na kisiwa kilekile. Kilichoongezeka ni mtu wa kuuliza jioni, "Umekunywa?"

Naomba tusilipite haraka neno "wachague". Jirani anayejipa kazi ya kufuatilia dawa za mtu bila kuombwa anaweza kumvunjia ndoa au kumfukuzisha kazi, hata akiwa na nia njema kabisa. Wema wa namna hii huanza kwa ruhusa. Mwenye ugonjwa ndiye anayefungua mlango, na aliyekaribishwa anatunza siri kama anavyotunza yake. Kwa maoni yangu hapa ndipo kampeni zetu nyingi zimekosea: tumewahimiza watu wasaidie, hatukuwafundisha kunyamaza.

Basi kama kuna mtu aliyekuamini kwa siri ya aina hiyo, na siku hizi humsikii akitaja kliniki, mpitie leo kabla jua halijatua. Usianze kwa kumuuliza kwa nini hakwenda. Muulize tarehe yake ni lini, na kama nauli anayo.