Je, Wajua? "Time" Moja, Maneno Matatu

Je, wajua kwamba "time" ya Kiingereza haina mwenzake mmoja katika Kihispania? Ukiuliza saa, ni "hora". Ukilalamika huna muda, ni "tiempo". Umempigia mtu simu mara tatu? Hapo ni "veces", wingi wa "vez". Saa, muda, mara: Mswahili anayajua yote matatu tangu utotoni, kwa hiyo apitie hayo tu, asizungukie London. Ila aangalie, maana "tiempo" ni hali ya hewa pia, na mpirani "primer tiempo" ni kipindi cha kwanza.

Je, wajua "free"? Cha bure ni "gratis", aliye huru ni "libre". "Letter" nayo: barua ni "carta", herufi ni "letra".

Je, wajua kwamba "is" ina sura mbili? "Es lista", dada huyo ni mwerevu. "Está lista", yuko tayari. Ni na yuko! Wanafunzi Waingereza hutokwa jasho hapa.

"Corner" ya barabarani, pale unaposubiri bodaboda, ni "esquina". Ile ya ndani ya chumba, alikojikunja paka, ni "rincón".

Je, wajua kwamba Mhispania hapigi gitaa wala halichezi? Analigusa: "tocar".

Kwenye "fish" Kiswahili kinatuangusha. Aogeleaye ni "pez". Akishavuliwa na kulazwa mezani sokoni, ni "pescado", kutokana na "pescar", kuvua. Kwetu samaki ni samaki, awe baharini au kikaangoni. Tunalipiza kwa mpunga, mchele na wali, ambavyo kwao vyote ni "arroz".

Je, wajua neno la kuogopwa kuliko yote? Ni "once". Kwa Kiingereza ni mara moja. Kwa Kihispania herufi hizohizo nne husomwa "on-se", yaani 11. Mwaka 2010 ulichapishwa uchunguzi kuhusu lebo za dawa zilizotafsiriwa na kompyuta kwenye maduka ya dawa ya Bronx, New York, na karibu nusu zilikutwa na makosa. Sasa fikiria chupa ambayo maelezo yake yote yamegeuzwa Kihispania, isipokuwa hilo "once" lililosahaulika katikati, na bibi asiyejua Kiingereza anahesabu vidonge vya siku kiganjani.