Kamba na Sumu za Shambani (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliona jinsi mabwawa ya kamba yanavyojazwa maji wakati wa bamvua. Leo tutazame kinachoingia pamoja na maji hayo.

Sokoni kamba huuzwa meza moja na samaki, lakini kwa ukoo yuko karibu zaidi na panzi. Hana mifupa, ana gamba, na hulivua kila anapokua. Neva zake nazo ni za jamii ya wadudu. Kwa hiyo saipamethrini, dawa ya kuulia viwavi wa pamba na mboga, humuua hata ikiwa chini ya sehemu moja ya milioni ya gramu katika lita ya maji. Mvua ikinyesha baada ya kupuliza, mfereji ukamwaga mtoni, mwenye bwawa huko chini huwakuta kamba wake wamelala ubavu, miguu ikitetemeka. Wanaotangulia kufa aghalabu ni waliotoka kuvua gamba. Saa hizo kamba ni laini, naye hufyonza maji mengi ili mwili utanuke kabla gamba jipya halijakauka. Kilichomo majini hukifyonza pia.

Hata hivyo, si kila kifo ni cha sumu. Mwaka 1992 kamba walianza kufa karibu na mto Taura, Ghuba ya Guayaquil, nchini Ekuador: mikia myekundu, magamba laini, matumbo matupu. Jirani kulikuwa na mashamba ya migomba yanayopuliziwa dawa ya ukungu wa Sigatoka nyeusi. Wafugaji wakailaumu dawa, na kusema kweli hata mimi ningeilaumu. Lakini mwaka 1995 ugonjwa ukazuka Texas, kusiko na mashamba makubwa ya migomba, na mwaka huohuo watafiti wa Chuo Kikuu cha Arizona wakaonyesha kuwa chanzo ni virusi.

Basi, mfugaji, ukiwakuta wanakufa usikimbilie kubadilisha maji. Utakuwa umemwaga ushahidi. Chota maji kwanza. Chukua na kamba wachache walio mahututi, maana waliokwisha kufa huoza upesi, uwaweke kwenye barafu na kuwapeleka maabara siku hiyohiyo. Maji yatie kwenye chupa ya kioo: saipamethrini hung'ang'ania plastiki, na ukitumia chupa ya soda maabara inaweza kukuambia maji yako ni salama.