Kisha diplome, twende wapi?

Saa mbili ya asubui, shule moja ya sekondari kule Katuba, mjini Lubumbashi. Mabenchi yamebanana, watoto watatu kwa benchi la watu wawili. Finaliste wa komersiale na wale wa pedagoji wamewekwa pamoja katika darasa moja, kwa sababu mgeni ni mmoja na saa aliyopewa ni moja. Bwana Prefe anapiga makofi mara mbili, kelele inakwisha, anatoka nje kidogo lakini hafungi mlango.

Mgeni ni mama wa makamo, kitambaa kichwani, sakoshi imejaa makaratasi ya rangi. Kazi yake ni kuzunguka katika mashule na kutafutia inivasite moja ya watu binafsi wanafunzi wapya. Tulimuomba tumfuate siku tatu. Alikubali kwa sharti moja: tusiandike jina lake wala la inivasite yake. "Mukiandika, kesho niko ku nyumba," alituambia. Neno lake tumelishika.

Hakuanza kwa kugawa makaratasi. Aliuliza: "Nani anajua kile atafanya kisha diplome?" Mikono ikapanda. Munganga. Avoka. Munganga tena. Enjenieri. "Mi, mu mine." Mine gani, kazi gani? "Paka mu mine, Mama." Wakacheka. Kisha kijana mmoja wa benchi la nyuma, wa pedagoji, akasema: mwalimu. Hapo kicheko kilikuwa kikubwa zaidi, na hata mwalimu wao aliyesimama karibu na dirisha alitabasamu, lakini si tabasamu ya furaha.

Kitu kinachomlia mama huyu wakati mwingi si uchaguzi wa fakilite, ni hesabu ya miaka. Sisi tuliosoma zamani tulijua gradua miaka 3, halafu lisansi miaka 2, jumla 5. Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 inivasite za inchi yetu zimeingizwa kwa lazima katika mpango unaoitwa LMD: lisansi miaka 3, masta miaka 2, na anayetaka udaktari wa kufundisha anaongeza 3. Kila mwaka una krediti 60, ni kusema 180 mpaka lisansi, na krediti ulizokwisha kupata zinabaki zako. Neno ni lile lile, lisansi, lakini sasa linasimama pahali pa gradua ya zamani. Ndipo wazazi wanapotea. Baba aliyetoka na lisansi yake ya miaka 5 anamuona mtoto wa jirani anaipata kwa miaka 3, anafikiri kuna wizi mahali fulani. Mwingine anapiga hesabu ya makuta ya miaka 3, halafu mtoto anamuletea habari ya masta. "Semeni vizuri ku nyumba," mama aliwaambia watoto. "Musifiche ile miaka mbili ya nyuma."

Kwa wale wa medesine alikuwa mkali zaidi: hiyo haiishe kwa miaka 3 wala 5, na anayeanza bila kujua nani atamlipia mwaka wa ine anafazali afikiri mara mbili.

Wakati wa maulizo, binti mmoja wa komersiale alisimama. Sauti yake ilikuwa ndogo, wenzake wakamwambia aseme kwa nguvu.

— Mama, mi niko mu komersiale. Naweza kuenda mu medesine?

— Mwanangu, kimia munasomaka saa ngapi kwa juma?

— Saa moja. Kama mwalimu anakuja.

— Na fizike?

Binti hakujibu. Tulimuangalia yule mama. Inivasite yake inafundisha medesine. Karatasi ya bulu katika sakoshi yake ndiyo ya medesine. Ingemtosha kusema "ndiyo, kuja", na jina moja lingeingia katika daftari yake. Diplome ya Serikali inafungua mlango wa masomo ya juu kwa kila aliyepata asilimia 50 na zaidi, ni kweli, lakini kila inivasite inaweka masharti yake, na fakilite zile zinazokimbiliwa zinaomba asilimia ya juu ao zinafanya mtihani wa kuingia. Na hata pasipo mtihani, mwaka wa kwanza wenyewe ni mtihani: kimia, fizike, bioloji kutoka asubui mpaka mangaribi, mbele ya watoto waliokula masomo hayo miaka mine katika opsio ya bioloji-kimia.

Alimuuliza anapenda nini katika medesine. Binti akasema alilala na mama yake hospitali juma mbili, akaona namna vitu vilikuwa vimevurugika: makaratasi yanapotea, dawa inalipwa mara mbili, hakuna anayejua kitanda gani kiko wazi. "Nilitamani kupanga," alisema. Tunafikiri ni jibu bora tulilosikia kwa siku tatu hizo. Basi mama akamueleza kwamba katika ISTM, pale wanapofundishwa wauguzi wa A1, kuna pia masomo ya kusimamia vituo vya afya, na kwamba mtoto wa komersiale anayejua kuandika mahesabu haanzi kule akiwa nyuma ya wengine. ISTM ni ya Serikali. Si ya watu waliomtuma mama huyu. Binti aliandika zile herufi ine katika mkono wake, kwa kalamu, kwa sababu daftari ilikuwa imebaki kwa mwenzake.

Katika basi tulimuuliza kwa nini. Alikaa kimya mpaka tukapita soko la Kenya.

"Ku biro banahesabu paka majina," alisema. "Ukileta mingi, banakushukuru. Ukileta kidogo, banakuuliza kama ulienda kweli." Akatuambia habari ya miaka michache iliyopita. Kijana mmoja kutoka Likasi, mwenye heshima, alitaka mambo ya migodi. Yeye alimuandikisha siku ile ile. Hakuuliza hesabu alipataka ngapi. Baba yake aliuza nusu ya lupango kwa kulipa minervale na nyumba ya kulala. Kijana hakumaliza mwaka wa pili. Siku moja baba alikuja biro. Hakupiga kelele. Alikaa kwa kiti, akavua kofia, akauliza: "Mama, ulijua?" Tukamuuliza alijibu nini. "Sikujibu. Nilimuletea maji."

Kesho yake tulikuwa Kampemba, katika shule ya ufundi. Hapa ni vijana wa umeme na wa mekanike, mikono yao inaonyesha. Hapa mine si ndoto ya mbali. Kila mmoja ana mjomba ao kaka kule Fungurume ao Kolwezi, ao alikuwa naye zamani, wakati Gécamines ilikuwa baba na mama wa kila nyumba ya Katanga. Swali lao lilikuwa la watu wazima: mwenye A2 ya umeme atafute kazi sasa, ao aende inivasite?

Mama hakuwadanganya. Kampuni ya migodi haiishi kwa maenjenieri peke yao. Inahitaji fundi wa umeme, wa kuchomelea vyuma, wa mashine nzito, mtu wa laboratware anayepima madini, mtu wa mahesabu, na siku hizi mtu wa kuchunga maji na udongo. Kwa mwenye A2, mwaka mmoja ao miwili ya kazi si kupoteza wakati, kama kazi iko. Lakini akaongeza kwamba atakayebaki A2 maisha yote ataona wakubwa wapya wanakuja kumuamuru, na yeye ndiye anawafundisha mashine. Kwa wenye nguvu katika hesabu aliwatajia Polytechnique ya UNILU na mtihani wake wa kuingia. "Muanze kujitayarisha leo," alisema, "hata kama munanipita mimi na munaenda kule."

Ndipo kijana mmoja, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, akauliza swali ambalo sisi tuliliogopa.

— Mama, na inivasite ya kwenu, diplome yake inakubaliwa?

Bwana Prefe alikohoa. Swali hili si la ukorofi. Mwaka 1956, wakati inivasite ya serikali ilipofunguliwa katika mji huu uliokuwa ukiitwa Élisabethville, mtu angeweza kuhesabu inivasite za inchi nzima kwa vidole vya mkono mmoja. Mwaka 1971 zote zikakusanywa kuwa UNAZA, mwaka 1981 zikaachana tena, na UNILU ikapata jina lake. Tangu hapo milango ilifunguliwa kwa watu binafsi na makanisa, na leo unaweza kukuta kibao cha inivasite juu ya nyumba iliyokuwa jana depo ya saruji. Kuna zilizo nzuri kati yake, zenye laboratware na walimu wa kweli. Kuna zingine ambazo mwanafunzi anajua tu siku anaomba kazi kwamba karatasi yake haina mgongo. Ministere ya Inivasite imekwisha kufunga nyingi, na siku ya kufungwa mwenye mali anaondoa kibao. Mtoto ndiye anabaki na miaka yake mikononi.

Mama aliweka makaratasi juu ya meza. Aliwaambia waulize vitu vitatu pahali popote watakapoenda, hata kwake. Arete ya ministre inayoipa inivasite ruhusa iko wapi, na inataja fakilite gani, kwa sababu ruhusa ya sheria si ruhusa ya medesine. Diplome za waliotangulia zilikwisha kupita mbele ya tume ya kuzikubali, ao bado zimelala kwenye kabati? Na profesa wangapi ni wa hapa hapa, wangapi wanashuka na ndege juma mbili, wanafundisha kozi nzima mbio mbio na kurudi?

— Kwetu, akasema, droit na ekonomi ziko sawa. Fakilite moja ya mpya bado tunangojea karatasi. Hiyo siwaandikishi.

Hakusema ni fakilite gani, lakini tuliona karatasi za rangi ya majani hazikutoka katika sakoshi siku ile, wala kesho yake. Bwana Prefe alimsindikiza mpaka kwenye barabara, akamshika mkono kwa mikono miwili.

Siku ya tatu, Ruashi, wazazi walialikwa pia. Walikuja kumi na watatu, wengi wakiwa wamama waliotoka sokoni. Hapa mazungumzo hayakudumu juu ya fakilite. Yalikuwa juu ya makuta. Tangu 2019 shule ya msingi ya Serikali hailipwe, lakini huko juu hakuna gratuité: kuna minervale, kuna makuta ya kuandikishwa, silabusi za kila profesa, basi ya kila siku mpaka Kasapa, ao chumba cha kupanga. Mama aliwashauri waandike vyote kwenye karatasi moja kabla ya kuchagua, si minervale peke yake, kwa sababu watoto wengi hawashindwi na kozi, wanashindwa na basi. Aliwakumbusha pia kutayarisha dosie mapema: buletini za miaka ya mwisho, karatasi ya kuzaliwa, ya mwenendo mwema, ya munganga, picha.

Baba mmoja alingoja wengine waondoke. Alikuwa na buletini mbili mkononi. Watoto wake wawili, msichana na kijana, wanafanya Examen d'État mwaka huu wote wawili.

— Mama, makuta iko ya mutoto mumoja.

Hakusema ni nani. Hakuhitaji. Mama aliomba kuona buletini. Msichana alikuwa na 68, kijana 54. Baba akaangalia ukuta: "Huyu ataolewa." Msichana alikuwa pale pale, akishika kiti cha mama yake.

— Papa, sikukuja kukufundisha nyumba yako, mama alisema. Ila uruhusu nimuulize kijana.

Kijana alizungusha kofia mikononi muda mrefu. Mwishowe akasema kwamba yeye, kama ingewezekana, angefanya kwanza mwaka mmoja katika garaji ya mjomba wake, na kwamba hakusema mbele kwa sababu aliona aibu, yeye ni muzaliwa wa kwanza. Baba hakukasirika. Hakufurahi pia. "Tutaongea ku nyumba," alisema. Akakunja karatasi ya bulu na ya njano, akaziweka katika mfuko wa shati pamoja na zile buletini mbili, wakaenda wote watatu kwa mguu, baba mbele.

Kabla hatujaachana tulimuuliza habari ya kijana wa pedagoji, yule waliyemcheka. Alimfuata mama mpaka nje, siku ile ya kwanza, sisi hatukumuona. Alimuuliza kama ISP ni nzuri. Mama alimwambia ukweli wote: kwamba walimu wa hesabu na fizike wanatafutwa katika kila shule aliyopita, na kwamba mwalimu mpya anaweza kushika choki miaka mingi kabla jina lake halijafika kwenye liste ya kulipwa Kinshasa, akiishi kwa kile wazazi wanachanga. "Akaniambia anajua," mama alisema. "Baba yake ni mwalimu."

Kwa siku tatu, daftari yake ina majina kumi na moja. Biro ilimuomba arudi na arubaini. Kesho ana shule ingine, njia ya Kasenga, saa mbili.