Baiskeli ya Kukunjwa Wakati wa Barafu

Napenda kuwaelezeni habari za baiskeli ndogo za kukunjwa, kama Brompton zitengenezwazo London, ambazo magurudumu yake kwa kawaida ni ya inchi 16. Zile kubwa tulizozizoea huku kwetu ni za inchi 28.

Huko Uingereza, wakati wa baridi kali, maji huganda njiani yafikapo nyuzi 0. Gurudumu dogo likikuta bonge la barafu hulipanda kwa shida kuliko kubwa, na likikuta shimo huzama zaidi. Usukani hutikisika, na mpandaji aweza kuanguka mbele ya magari. Basi yampasa aende polepole, apunguze upepo kidogo ili tairi lishike njia, wala asifunge breki ya mbele kwa ghafula.

Tena barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, lakini chumvi hiyo hiyo huleta kutu mnyororoni. Hapo ndipo kukunjwa kunapofaa: baiskeli huingizwa nyumbani, ikapanguswa na kutiwa mafuta. Na barafu ikizidi, mwenyewe huikunja akapanda treni. Kwa maoni yangu, hiyo ndiyo faida yake kubwa, kwani mpandaji hodari hujua pia wakati wa kushuka.