Jembe la Apolo

Mtu aendaye kuwahubiri wageni Habari Njema, achukue nini mkononi? Wengi watajibu, Achukue Kitabu. Apolo Kivebulaya, mtu wa Buganda, alichukua Kitabu na jembe. Na sababu ya jembe lile yafaa tuieleze.

Mwaka 1896 Apolo alikuwa mwalimu katika Toro, nchi iliyo chini ya milima ya Ruwenzori. Ng'ambo ya mto Semliki ilikuwako nchi ya Mboga, ambayo sasa imo katika Kongo. Waganda wawili walikuwa wamekwenda kufundisha huko, wakarudi. Kwa maana Tabaro, mkuu wa nchi, aliwakataza watu wake wasiwape chakula. Basi Apolo alitaka kulima mwenyewe. Alifahamu kwamba mgeni asiyewalemea wenyeji kwa tumbo lake husikilizwa maneno yake.

Watu wachache wakaanza kusoma. Tabaro akakasirika, Apolo akapigwa sana. Kisha likatukia jambo baya zaidi. Dada yake Tabaro alianguka juu ya mkuki wa Apolo uliokuwa umefichika katika majani, akafa. Haikuwa kusudi la mtu, lakini Tabaro alimshitaki Apolo kuwa ni mwuaji, naye akapelekwa Toro, akatiwa gerezani.

Nimepata kuwauliza wanafunzi wangu, Je, ninyi mngalirudi Mboga? Wengi hunyamaza, na mimi siwalaumu. Kumpa mwenye njaa sahani ya ugali si kazi ngumu, ikiwa chungu kimejaa. Lakini aliyekupiga na kukusingizia, kumpelekea kile unachokipenda kuliko vyote, hapo ndipo moyo hukataa.

Apolo alipofunguliwa alirudi kwa Tabaro yule yule. Hakudai fidia. Alifundisha kama kwanza, na kwa muda Tabaro alianza kumtazama kwa macho mengine. Hata mwisho yule mkuu aliomba abatizwe.

Mtu angaliweza kusema, Sasa kazi imekwisha, nipumzike. Tangu mwaka 1903 Apolo alikuwa kasisi, naye alikuwa akizeeka. Lakini katika msitu mkubwa ulio karibu na Mboga walikaa Wambuti, watu wafupi, wawindaji hodari na wajuzi wa miti na asali. Majirani zao waliwadharau, wengine hata hawakuwahesabu kuwa watu kamili. Yapata mwaka 1921 Apolo akaanza kuwaendea. Wambuti hawakukaa mahali pamoja siku nyingi, kwa hiyo haikufaa kujenga nyumba na kuwangojea. Ilimpasa awafuate kambini mwao, akae nao chini, ajifunze maneno yao.

Alikufa Mboga mwaka 1933. Kabla ya kufa aliagiza kwamba azikwe kichwa chake kikielekea magharibi, upande wa msitu, wala si upande wa Buganda kwao.