Boda ya stima imekosa nguvu mlimani? Kabla ulaumu betri, pima sumaku

Jirani yangu anaendesha boda ya stima. Kwa miezi kadhaa alikuwa na wimbo mmoja tu: betri, betri, betri. Kila akifika pale barabara inapoanza kupanda kutoka Kiserian kuelekea Corner Baridi, pikipiki inavuta pole pole kama punda aliyechoka. Abiria anaombwa ashuke, atembee kidogo, apande tena huko juu. Sasa hebu fikiria, umelipa mtu akubebe halafu unapanda mlima kwa miguu yako. Utampigia simu tena kesho? Wapi!

Akabadilisha betri kituoni. Mambo yakawa yale yale. Akabadilisha tena. Mara ya tatu akagombana na mhudumu, akisema anapewa betri zilizochoka. Mhudumu naye akaapa kwamba betri ni nzima.

Ikabidi twende kwa fundi wa jua kali, mzee mmoja aliyeanza na kurekebisha pampu za maji kabla pikipiki za stima hazijafika mtaani. Akainua gurudumu la nyuma likabaki hewani, akamwambia jirani apige resi. Gurudumu likazunguka kwa kasi ya ajabu. Jirani akatabasamu. "Si unaona, fundi! Mota iko fiti."

Fundi akatikisa kichwa. "Hapo ndipo shida iko, kijana wangu. Leta pikipiki ya mwenzako tulinganishe."

Ya mwenzake, modeli ile ile, na haina shida yoyote mlimani, ilizunguka polepole kuliko yake. Mimi chuo nilikiacha nikiwa mwaka wa pili wa kozi ya umeme, kwa hivyo nilikuwa na kumbukumbu nusu nusu ya somo hili. Lakini siku hiyo ndiyo nililielewa vizuri, nikiwa nimekaa juu ya tairi kuukuu.

Mbona sumaku dhaifu inakimbia?

Ndani ya mota ya boda nyingi za stima kuna vitu viwili vikuu: koili za shaba zinazopitisha umeme, na sumaku zilizobandikwa kwa duara. Umeme ukipita kwenye koili unasukumana na sumaku, gurudumu linazunguka.

Lakini mota yoyote ya aina hii ikizunguka, nayo inazalisha umeme wake, na umeme huo unaupinga ule wa betri. Kadiri inavyozunguka haraka ndivyo unavyopanda. Ukikaribia kulingana na volti za betri, mota haiwezi kuongeza mwendo tena. Hiyo ndiyo spidi yake ya mwisho ikiwa haina mzigo.

Sasa sumaku ikipoteza nguvu, umeme huo wa kupinga unapungua. Mota inapata nafasi ya kuzunguka haraka zaidi kabla haijazuiwa. Ndiyo maana ikiwa hewani inaonekana kali. Lakini nguvu ya kusukuma mzigo inatoka kwa sumaku hizo hizo, kwa hivyo ukiweka abiria na mlima, inalegea. Hewani inakimbia, mlimani inakufa: ukiona hivyo, anza kushuku sumaku. Ila kama kontrola ya pikipiki yako imewekewa kikomo cha spidi, dalili hii inaweza kujificha.

Sumaku inachokaje?

Sumaku za mota hizi nyingi ni za neodimi, chuma na boroni. Zilivumbuliwa mwanzoni mwa miaka ya 1980 na Masato Sagawa wa Japani na John Croat wa Marekani, kila mmoja kivyake. Ni kali sana kwa ukubwa wake. Adui yao mkubwa ni joto.

Kuna aina mbili za kupungua. Ya kwanza ni ya muda. Sumaku ya neodimi hupoteza takriban asilimia 0.1 ya nguvu zake kwa kila nyuzi moja ya joto inayopanda. Mota ikitoka nyuzi 20 ikafika 100, karibu asilimia 10 imeenda. Ikipoa, nguvu zinarudi, kama mtu aliyelala usiku akaamka na nguvu zake.

Ya pili hairudi. Ni kama ile blada ya kufungia mizigo: ukiivuta kupita kiasi inabaki imelegea. Sumaku za neodimi za daraja la kawaida zimekusudiwa joto lisilozidi nyuzi 80 hivi. Za madaraja ya juu zinavumilia 120, 150 au hata 180, na nyingi kati ya hizo huongezewa madini ghali kama disprosi. Ikivuka kiwango chake, hasa kama wakati huo huo mkondo mkubwa wa umeme unapita kwenye koili na kuisukuma kinyume, sehemu ya nguvu inapotea moja kwa moja.

Na hapo ndipo jirani yangu akaanza kuangalia chini. Fundi alimuuliza kama kuna mtu amewahi kugusa kontrola. Kumbe mwaka uliopita alimlipa kijana fulani aifungue kwa laptopu, aongeze kiwango cha mkondo ili pikipiki "iamke". Iliamka kweli. Alipanda Corner Baridi na abiria wawili akipita wenzake. Alikuwa anachoma sumaku bila kujua.

Maji nayo si rafiki. Neodimi na chuma hushika kutu, kwa hivyo sumaku hupakwa utando wa kuzikinga. Utando ukichubuka, kisha unapiga mota maji ya presha pale kwa kuosha magari, unajitafutia balaa.

Jinsi ya kupima bila kufungua mota

Hii sehemu fanya na fundi, si peke yako chumbani. Umeme wa betri za boda unaweza kukuumiza, na mota inayozunguka inazalisha umeme hata bila betri.

Kwanza, mota ipoe kabisa. Ukipima ikiwa moto utalaumu sumaku bure, kwa sababu ile asilimia 10 ya muda itakudanganya. Pili, betri itolewe. Tatu, zile nyaya tatu nene zinazotoka kwenye mota zichomolewe kutoka kwa kontrola, ncha zake zisigusane.

Fundi anaweka mita yake kwenye volti za umeme wa nyumbani, yaani mkondo geu, halafu anaigusisha kwenye nyaya mbili kati ya zile tatu. Gurudumu linazungushwa kwa mkono, kuelekea mbele. Mita inaonyesha volti. Anarudia kwa jozi zote tatu.

Jozi zote zikilingana lakini ziko chini kuliko zinavyopaswa, sumaku ndizo zinashukiwa. Jozi moja ikiwa tofauti na nyingine, shida iko kwa koili au waya, si sumaku.

Lakini volti hubadilika na kasi ya mkono wako, sivyo? Fundi alikuwa na ujanja. Mita yake inapima hezi pia, yaani umeme unageuka mara ngapi kwa sekunde. Ukigawanya volti kwa hezi, jibu halijali umezungusha haraka au polepole. Pikipiki ya mwenzake ilitoa volti 10 kwa hezi 40, sawa na 0.25. Ya jirani yangu ilitoa 8.5 kwa hezi 40, kama 0.21. Asilimia 15 ya nguvu za sumaku ilikuwa imeenda, na yeye alikuwa anagombana na watu wa betri.

Kufidia ni kukopa

Unaweza kuuliza, si kontrola iongeze tu umeme kidogo mambo yaendelee? Inawezekana, na kontrola za kisasa zinafanya hivyo. Zinajua zimetoa volti ngapi, mkondo kiasi gani na mota inazunguka kasi gani. Zikitoa hesabu ya umeme uliopotea kwenye shaba, zinabaki na ule umeme wa kupinga, na huo ndio unaosema sumaku zina nguvu kiasi gani. Hesabu hii ni ngumu mwendo ukiwa mdogo, kwa sababu umeme wa kupinga ni kidogo na shaba ikipata joto hubadilisha mambo. Mwendo ukiwa mkubwa, jibu linakuwa safi zaidi. Programu ikiona nguvu imepungua, inaongeza mkondo ili dereva asihisi tofauti.

Lakini piga hesabu. Sumaku ikipoteza asilimia 15, unahitaji mkondo zaidi wa karibu asilimia 18 kupata msukumo ule ule. Na joto kwenye koili halipandi sawa na mkondo. Linapanda kwa mkondo kuzidishwa kwa wenyewe. Kwa hivyo joto linaongezeka kwa karibu asilimia 38. Joto hilo linaenda wapi? Linarudi kwa sumaku zile zile zilizochoka. Zinadhoofika zaidi, unaongeza mkondo tena, joto tena. Ni kama kulipa mkopo wa simu kwa kuchukua mkopo mwingine wa simu. Sote tunajua hadithi hiyo inaishia wapi.

Ndiyo maana programu nzuri ina kazi ya pili: kujua lini ikatae. Kihisi joto ndani ya mota kikisoma juu sana, kontrola inapunguza nguvu yenyewe. Wengi huona hiyo kama uchoyo wa kampuni na kutafuta kijana wa kuiondoa. Usiiondoe. Hiyo breki ndiyo inalinda kazi yako.

Zipo mota zisizo na sumaku za kudumu kabisa. Tesla Model S ya mwaka 2012 ilitumia mota isiyo na sumaku hizo, na Renault Zoe hutengeneza usumaku wake kwa koili. Lakini kwa boda, ambapo kila kilo na kila nafasi ni hesabu, sumaku ya neodimi bado ni mfalme.

Sasa ufanye nini?

Kama unanunua boda mpya ya stima, pima volti kwa hezi wiki ya kwanza, uandike nambari hiyo nyuma ya kitabu chako. Hiyo ndiyo cheti cha kuzaliwa cha mota yako. Pima tena kila baada ya miezi sita. Kama unanunua ya mkono wa pili, usidanganywe na gurudumu linalozunguka vizuri hewani. Panda nayo mlima, halafu ulinganishe kipimo na ya mwenzako.

Jirani yangu hakupata muujiza. Sumaku haijazwi kama simu. Kuirudishia nguvu kunahitaji mashine ya kutoa usumaku mkubwa kwa kishindo kimoja, na fundi wetu hana. Alichofanya ni kurudisha kontrola kwenye mipangilio ya kiwanda, kisha akaishusha kidogo chini ya hapo. Pikipiki sasa ni pole kuliko zamani, lakini mota haichomi mkono ukiigusa jioni.

Amehamia stage ya Rongai, kwenye barabara tambarare, abiria mmoja mmoja, huku akiweka pesa kidogo kidogo za mota nyingine. Juzi nilimkuta kituoni akibadilisha betri. Alimsalimia yule mhudumu kwanza, akamnunulia soda, halafu ndipo akaomba betri.